Mashine Bubu na Mashine Inayong'ata

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Mbele kuna viuno na mabega ya watu. Huku nyuma kurasa ni tupu, basi nitaandika yangu, maana nikiyasema kwa mdomo nitaambiwa nina wasiwasi wa bure.

Leo mume wangu, Baba Pacha, amerudi saa sita mchana amebeba sanduku lake la vifaa. Mtu wa karakana harudi nyumbani saa sita na sanduku isipokuwa kuna jambo. "Wamepunguza watu," akasema. Miaka ishirini na miwili ya kuchomelea mageti, imeisha kwa maneno mawili. Nikampa maji. Akanywa, akasema bila kunitazama usoni, "Nitanunua mashine. Nitafanyia kazi hapa hapa, kwenye kibanda cha nyuma."

Kibanda cha nyuma ni mabati pande zote, paa la bati, sakafu ya udongo, na mlango wa chuma alioutengeneza mwenyewe. Mvua ikinyesha, maji hupita humo bila hodi. Na mvua zinakuja.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo, nisijifanye. Msimu uliopita fundi wa nyumba ya tatu kutoka hapa alikutwa amekaa chini, kichwa amekiegemeza kwenye geti alilokuwa akilichomelea. Watu walimpita wakamsalimia. Wa nne ndiye aliyesimama kuuliza mbona haitikii. Mashine yake ilikuwa ya mtumba, na chini palikuwa na maji ya kina cha kidole. Mimi nilikuwa wa pili kumsalimia.

Pacha wetu wako mbali, kila mmoja na kazi yake. Humu ndani tumebaki wawili na cherehani yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu. Bado yanajishauri.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda dukani kuona mashine mpya. Tulikuwa watatu: sisi wawili na shemeji yangu, mdogo wake Baba Pacha, ambaye ni fundi umeme na hana dogo, kila kitu kwake ni utani. "Shemeji, leo unanunuliwa mke mwenza," akaniambia njiani. Nikamwambia mke mwenza wa kuning'inizwa begani nitamvumilia.

Kweli ni ya begani. Ndogo, nyepesi, ina mkanda kama begi la safari, na usoni ina kioo kidogo chenye namba za kuwaka. Muuzaji, kijana aliyekaza tai mpaka shingo imetoa mikunjo, akaeleza kwamba ina kinga, mtu akiacha kuchomelea umeme wa kwenye kijiti cha kuchomelea unashuka wenyewe, na mwili wake umefunikwa vizuri hauvuji umeme. Mimi nikasikia neno hilo moja tu, hauvuji, nikatamani kuibeba papo hapo.

"Weka namba tisini ujaribu, mzee," kijana akasema.

Baba Pacha akashika kitufe, akakizungusha kidogo, akakiachia. "Weka wewe. Mimi nasikiliza."

Kijana akaweka, akachomelea vyuma viwili. Mume wangu kainamisha kichwa, sikio mbele, kama anayesikiliza ugomvi wa majirani. Kisha akatikisa kichwa. "Haisemi. Hii mashine ni bubu."

"Mzee, mashine ya kusema ya nini? Namba si unaziona?"

"Nimesema haisemi."

Akatoka nje. Shemeji akacheka, mimi nikaomba radhi kwa kijana wa watu. Njia nzima nilikuwa nafikiri: mtu anakataa kitu salama kwa sababu hakipigi kelele. Ukaidi wa kuzaliwa nao huu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Imepita kibandani kama kawaida yake.

Jumamosi, 15 Machi

Leo kwa Skrepa, mzee anayeuza mashine zilizotumika. Uwanja wake ni vyuma vitupu, hakuna pa kuweka mguu. Mashine aliyotuonyesha ina ukubwa wa mbuzi mzima, ina magurudumu mawili, rangi imebabuka, nyaya zake za ndani ni shaba tupu. Alipoiwasha ilivuma mpaka nikaisikia kwenye meno.

Na Baba Pacha akacheka! Tangu arudi na sanduku lake sijamwona akicheka. Akachomelea kipande, akasema, "Hii ndiyo inayozungumza. Ukiinua kijiti inalalamika, ukikishusha inanyamaza. Hii hata gizani utafanya nayo kazi."

Shemeji akatoa testa yake, ile bisibisi yenye taa ndani, akaigusisha kwenye mwili wa mashine. Taa ikawaka. Utani ukamwisha usoni.

"Kaka, inavuja."

"Mashine zote zina tabia," Skrepa akasema. "Hii inang'ata kidogo tu, tena mtu mwenye viatu vya kutoboka."

Shemeji akanivuta pembeni, akanifundisha kitu. Kitu cha chuma usichokiamini, akasema, usikiguse kwa kiganja. Umeme hufunga ngumi, utakishika na hutaweza kukiachia. Gusa kwa mgongo wa mkono, hapo ukipigwa, mkono unaruka wenyewe kutoka. Akanishika mkono akanionyesha. Wala hakunitania.

Nikasema tunataka ile mpya. Baba Pacha akasema anataka hii. Skrepa akaamua kesi: tuichukue tukaijaribu mpaka mwisho wa mvua, ikitushinda tuirudishe, kwa kuwa geti lake lilitengenezwa na Baba Pacha na halijawahi kupinda. Nilitamani sana lingekuwa limepinda.

Jumatatu, 17 Machi

Mgeni amefika. Shemeji ameibadilishia nyaya za nje, ameshindilia fimbo ya chuma ardhini na kuiunga nayo, ili umeme unaovuja ushukie huko. Testa ikawaka kwa unyonge. "Kwenye ukavu itakaa," akaniambia. "Kwenye maji sikuahidi kitu, shemeji. Ugonjwa uko ndani."

Mchana Baba Pacha akaniomba nimshonee glovu za ngozi. Za kawaida, isipokuwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto niache ncha wazi.

"Kwa nini?"

"Napenda kipate hewa."

Ndoa ya miaka yote hii, sikujua kidole chake kina shida ya pumzi. Nikamshonea.

Alhamisi, 20 Machi

Ameanza kazi. Wateja wapo, wanamjua.

Niandike jinsi inavyokuwa, nikija kuzeeka nikumbuke. Kabla ya kugusisha kijiti kwenye chuma, fundi wa kuchomelea huita kwa sauti, "Macho!" Kila aliye karibu anageuza uso, maana ule mwanga ukiutazama usiku unalala na mchanga machoni. Sisi tuliowazoea mafundi tunageuka bila kufikiri. Majirani wanavuta mapazia. Miaka ishirini na miwili nimempelekea chakula karakana, na kila akiita nimegeukia ukuta.

Leo saa nne nilikwenda kuanika shuka. Mvua ilikuwa imekatika, waya wa kuanikia bado una matone. Nikaushika, nikang'atwa! Kitu kimepita mkononi mpaka kwenye bega. Shuka likaanguka matopeni, na mimi nikalifuata. Kumbe Baba Pacha alishikisha kibanio cha waya wa ardhi, ambacho hutakiwa kushika chuma anachokifanyia kazi, kwenye nguzo ya chuma ya waya wangu wa nguo.

"Nilidhani ni mguu wa meza," akasema.

Meza iko kulia, nguzo iko kushoto. Mtu huyu hajawahi kukosea kibanio tangu nimjue. Nilimkaripia mpaka sauti ikaniisha, kisha nikaenda kukaa kwenye cherehani na sikushona chochote mpaka jioni.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. "Macho!" mara kumi na moja. Nimehesabu.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Hakufanya kazi. Nimelala mchana usingizi mzuri.

Jumatatu, 24 Machi

"Macho!" mara kumi na tisa. Nimegundua namna ya kuishi: akiita, najua yuko hai, nashona. Akikawia, mguu wangu unasimama wenyewe juu ya pedali. Nimeharibu kola mbili kwa kusikiliza.

Jumatano, 26 Machi

Aliita mara saba, kisha kimya. Nikahesabu mishono: ishirini, hamsini. Nikaacha nguo ya mtu chini ya sindano nikakimbia, na sikukumbuka viatu, jambo la kijinga kuliko yote.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo, ameshika mkono wa kushoto kwapani. Ncha ya kile kidole cha wazi imekuwa nyeusi. Mashine nyuma yake ilikuwa inavuma tu, kama vile haihusiki.

"Imenigusa kidogo."

"Kidogo! Ulitaka ikuguse kiasi gani?"

Nikaenda sebuleni nikazima swichi kuu. Nikarudi nikamwambia yote: kwamba namkumbuka fundi wa nyumba ya tatu kila akinyamaza, kwamba ile mpya iko dukani inatungoja, kwamba kidole hicho nitakishonea mfuniko apende asipende. Akasimama, akafoka. Baba Pacha si mtu wa kufoka. "Bila mashine hii sifanyi kazi! Umesikia? Sifanyi!"

"Basi nitazame usoni uniambie kwa nini."

Akanitazama sikio. Sitanii, alilitazama sikio langu la kulia, akakaza macho hapo, kisha akatoka.

Sasa nikikumbuka, ni miezi hanitazami usoni. Akiongea na mimi macho yake yanakaa begani kwangu au ukutani. Mwanamume asiyekutazama usoni ana kitu anakificha. Nimepigia mstari sentensi hiyo, kisha nikaona haya, nikaiacha hivyo hivyo.

Jumamosi, 29 Machi

Mteja amerudisha grili ya dirisha. Vyuma viwili vimeachana.

Baba Pacha akasema vijiti vya kuchomelea vilikuwa na unyevu. Mimi nikaigeuza ile grili mezani kwangu. Mshono ulikuwa mzuri, mnyoofu, mawimbi yake yamepangana. Ila ulikuwa pembeni ya kiungo kwa upana wa kidole, umeshona chuma kitupu. Mimi ni fundi cherehani. Mtu mwenye haraka hukosea kwa kupindapinda. Huyu hakuwa na haraka. Alishona vizuri kabisa mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Sijaiondoa mezani tangu saa ile.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemtazama.

Kuna ngao ya uso ya zamani kwenye sanduku lake, yenye kioo cheusi. Nikaichukua alipokuwa anakunywa chai, nikajibanza kwenye upenyo wa mabati upande wa jiko. Mtu mzima, mama wa watoto wawili wakubwa, nimeinama kama mwizi wa kuku na ndoo kichwani.

Alianza kwa kupapasa. Kile kidole cha wazi kikatembea juu ya chuma polepole, kikapata kiungo, kikakaa hapo. Mkono wa kulia ukaleta kijiti mpaka ncha yake ikagusa ukucha. Kidole kikaondoka. Akaita, "Macho!" Shingo yangu ikataka kugeuka yenyewe, nikaizuia. Kijiti kikawaka. Yeye kichwa amekiinamisha upande, sikio ndilo limeelekea kwenye moto, na uso wake ndani ya ngao umeelekea ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi.

Akamaliza, akapapasa tena akasogea mbele. Kidole, ukucha, "Macho!", moto. Kidole, ukucha, "Macho!", moto. Mara nne nilimwona. Kidole kitupu, chenye jasho, juu ya chuma, kwenye mashine inayong'ata, na sisi wote wakati huo tumegeuka kwa adabu.

Alipokwenda msalani nikaingia nikavaa ngao yake mwenyewe, nikatazama nje kwenye jua. Sikuona kitu. Kioo kimefunikwa na matone ya chuma yaliyoruka, yamekauka tabaka juu ya tabaka. Hakijafutwa miezi mingi. Mtu anayekitumia kioo hicho hakihitaji.

Nilirudi kwenye cherehani nikakanyaga pedali bila kitambaa.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimeiweka ile ngao yake ya kazi mapajani mwake, mchana, mvua inanyesha nje.

"Baba Pacha, kioo hiki ni kichafu tangu lini?"

Akakipapasa. Nilidhani atafoka tena, nikajiandaa kwa hilo, sikujiandaa kwa sauti ndogo.

"Katikati pamezimika," akasema. "Kushoto naona, kulia naona. Pale ninapopatazama ndipo pasipo na kitu. Ndiyo maana natembea vizuri, hamkujua."

"Na karakana?"

"Hawakunipunguza. Niliondoka kabla sijamwangushia mtu geti."

Nikauliza nililokuwa nimelipigia mstari. Nikauliza mbona hanitazami.

"Nikikutazama usoni, uso unaondoka. Nikitazama sikio lako, nakuona. Si vizuri sana, lakini nakuona. Nimekutazama sikio mwaka mzima, Mama Pacha, nilijua siku moja utachukia."

Nililia hapo hapo, kwa sauti, wala sikufunika uso. Ile sentensi ya tarehe ishirini na sita nimeifuta kwa wino mpaka karatasi imetoboka.

Jumatatu, 7 Aprili

Daktari wa macho anasema katikati ya jicho pameungua na hapatarudi. Miaka ya mwanzoni karakana walikuwa ngao moja watu watatu, wengine wakifumba jicho moja na kuomba Mungu. Pembeni bado pazima. Akiendelea kukaa mbele ya ule mwanga, na pembeni patakwenda.

Njiani nikamwambia basi, imekwisha. Akajibu: "Nikiacha, humu ndani mimi nitakuwa nani? Wa kushikilia kitambaa unapokata?"

Hajasema ataacha. Mvua imezidi.

Jumatano, 9 Aprili

Hajagusa mashine. Amekaa mlangoni anasikiliza mvua. Naogopa utulivu huu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mkono wangu unauma, nitaandika taratibu.

Asubuhi nilipeleka sare shuleni. Nilimwacha anakunywa chai, ameniahidi. Mvua ilinikuta njiani, mvua ya kumwagwa. Nilipokaribia nyumbani nikasikia kwa mbali, "Macho!" Nikasema kimoyomoyo, mwongo huyu. Nikaendelea kutembea, nikageuza uso kwa mazoea.

"Macho!" Kisha tena, "Macho!" Kisha tena. Nikasimama katikati ya njia.

Mimi nimehesabu mwito huo wiki tatu. Baada yake kuna mlio wa moto, kuna kugonga gamba la mshono kwa nyundo, kuna kupapasa. Ukiita sasa hivi, huiti tena mpaka mshono wangu uende na kurudi. Huyu alikuwa anaita, anaita, anaita, na hapakuwa na mwanga wowote kwenye upenyo wa mabati. Na majirani wote wamevuta mapazia.

Nilikimbia. Nikaufikia mlango wa kibanda, nikanyoosha mkono niusukume, na sijui nani alinikumbusha, nikaugeuza. Nikaugusa kwa mgongo wa mkono. Ulinipiga mpaka mkono ukaruka ukanigonga mdomoni, nikaonja damu. Mlango mzima ulikuwa na umeme. Ningeushika kwa kiganja, ningekuwa bado niko pale.

"Mama Pacha?" Sauti yake, ndani. "Usiingie! Kuna maji. Kazime!"

Nikazunguka mbele. Mlango wa sebuleni nimeufunga mwenyewe asubuhi, funguo ziko chini ya mkoba, chini ya sare zilizorudishwa kupunguzwa. Nikamwaga kila kitu kwenye matope. Ufunguo wa kwanza si wenyewe, wa pili si wenyewe. Na kule nyuma anaita, "Macho! Macho!" na kila akiita nasema yuko hai, na akikaa kidogo nasema amekwisha. Nikafungua. Nikazima swichi kuu kwa mikono miwili, nikaiegemea kwa kifua kama mtu anayezuia mlango.

Nilimkuta amesimama juu ya ubao mmoja, mikono ameikumbatia kifuani. Maji yamemzunguka pande zote, yameigusa mashine mpaka tumboni. Alikuwa ameingia kujaribu kidogo tu. Mvua ilipozidi, kelele ya bati ikafunika kuvuma kwa mashine, na kwa kuwa kusikia ndiko kulikokuwa kuona kwake, akawa hana tena chochote. Aliangusha kijiti akasikia chubwi. Hapo akajua maji yameingia, na swichi ya mashine iko ng'ambo ya maji. Alisimama hivyo karibu nusu saa.

"Kwa nini hukuita watu wakusaidie?" nikamuuliza. Nilikuwa nampiga kifuani kwa ngumi, nimemshika na nampiga.

"Wangekuja mbio wakakanyaga maji, wakashika mlango. Nikiita macho, hawasogei." Meno yanagongana. "Nilijua wewe peke yako ndiye utakayesikia kwamba si kazi."

Kumbe alijua nahesabu? Sijamuuliza. Tulikaa juu ya ule ubao, wote wawili, mpaka mvua ikaisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Amesema mwenyewe: "Irudisheni."

Jumatano, 16 Aprili

Mimi na shemeji tumeirudisha. Skrepa akaiangalia, akasema itakauka, itapata mtu. Nikachukua chaki yake nikaandika ubavuni, herufi kubwa: INAUA. Akasema ninamharibia biashara. Shemeji, bila utani, akatoa koleo akaikata plagi na waya wake wote, akavitia mfukoni.

Jumamosi, 26 Aprili

Ile mpya iko nyumbani. Dukani ni mimi niliyezungusha kitufe, nikasoma namba kwa sauti: themanini, themanini na tano, tisini. Testa haikuwaka. Nikagusa mwili wake kwa mgongo wa mkono, mara tatu, kijana wa tai akanishangaa. Haikufanya kitu.

Kabla ya yote shemeji ameinua sakafu ya kibanda kwa zege na kufunga kikata umeme mlangoni. Na mashine yenyewe inakaa juu, kwenye rafu.

"Sasa nani ataitumia?" shemeji akauliza. Nilikuwa nimeshajishonea glovu, vidole vyote kumi vimefungwa.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza. Yeye anakaa nje ya kibanda kwenye kigoda changu cha cherehani, amegeukia ukuta, mgongo kwangu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa madonge. Nikamletea apapase ikiwa imepoa. "Kuku wamepita hapa," akasema. "Tena wagonjwa."

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zinapungua. Naogopa kila nikishika kijiti. Anasema vizuri, atakayekoma kuogopa atafukuzwa kazi.

Leo nilikuwa navuta mshono, akanena bila kugeuka: "Umeinua mno. Shusha. Bado. Hapo! Sikia, inakaanga." Na kweli, ndani ya ngao nikausikia mlio mdogo, kama mafuta kwenye kikaango. Nikamkumbusha kwamba aliiita mashine bubu.

"Si bubu," akasema. "Inanong'ona. Nilikuwa sijakaa kimya."

Jumamosi, 24 Mei

Siku ya tisa bila mvua. Nimefanya kazi ya kweli: ile grili ya dirisha iliyorudishwa. Mteja alikubali kungoja.

Nimevaa, nimeweka tisini, nimeshikisha kibanio kwenye meza na nimekitazama mara mbili. Kisha nikasimama, maana kuna neno sikuwahi kulisema. Mazoezini alikuwa ananiitia yeye. Leo alinyamaza, akaningoja. Nikalitoa, likatoka na mkwaruzo: "Macho!" Nikamwona kwa pembeni akigeuza uso wake ukutani, taratibu, kama nilivyokuwa nikigeuza mimi karakana nikiwa na chakula mkononi.

Nimefanya kazi mpaka saa tisa. Mishono si mizuri, lakini iko mahali pake. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo, kile cha ncha nyeusi, akakubali kwa kichwa. Nikavua ngao, nywele zimenilowa, nikamwuliza ameonaje siku ya kwanza ya fundi mpya.

Akanitazama sikio.

"Ishirini na nne," akasema.

"Nini ishirini na nne?"

"Umeita mara ishirini na nne. Baada ya ile ya kumi na sita ulikawia." Akanishika mkono, akaugeuza, akaupapasa kiganja kidole kwa kidole kuona kama vyote vipo. "Nilikuwa nimeshasimama."